Hermann Rorschach, daktari aliyeyachora madoa ya wino kwa mkono wake

Kadi ni kumi tu. Tano zina rangi nyeusi na kijivu, mbili zimeongezwa rangi nyekundu, na tatu za mwisho zina rangi mbalimbali. Juu ya kila kadi kuna umbo lisilo la kitu chochote kinachojulikana, upande wake wa kushoto ukilingana na wa kulia kama mabawa ya kipepeo. Anayepewa kadi huombwa aseme umbo hilo linaweza kuwa nini. Kwa zaidi ya miaka mia moja kadi hizo zimepita mikononi mwa wagonjwa, wanajeshi, wafungwa, wazazi wanaogombania watoto mahakamani, na hata watuhumiwa wa makosa makubwa kabisa ya vita. Aliyezichora hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1922 akiwa na umri wa miaka 37, na wakati huo sehemu kubwa ya nakala za kitabu chake ilikuwa bado haijapata wanunuzi.

Wengi hudhani kwamba Hermann Rorschach alimwaga wino kwenye karatasi, akaikunja, na kazi ikaishia hapo. Sivyo ilivyokuwa. Madoa yale yalichorwa kwa brashi, yakafutwa, yakachorwa tena, na yakarekebishwa kwa muda mrefu na mtu aliyelelewa katika nyumba ya mchoraji, ambaye nusura naye awe mchoraji wa kulipwa. Asiyelijua hilo huiona kadi kama ramli. Akishalijua, hutambua kwamba ana mbele yake kazi ya msanii aliyeamua kuwa daktari bila kuiweka brashi chini.

Rorschach alizaliwa tarehe 8 Novemba 1884 mjini Zürich, nchini Uswisi, na akakulia Schaffhausen, mji mdogo ulio kando ya mto Rhine. Baba yake, Ulrich, alikuwa mwalimu wa kuchora, hivyo mtoto alizoea penseli na rangi tangu akiwa mdogo. Msiba uliifikia nyumba hiyo mapema. Mama yake alifariki mwaka 1897, Hermann akiwa na miaka 12. Baba akaoa tena, akimchukua ndugu wa marehemu mkewe, na mwaka 1903 yeye pia akafariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kijana alikuwa na miaka 18, hajamaliza shule, na nyuma yake walikuwapo wadogo zake pamoja na mama wa kambo mwenye kipato kidogo.

Shuleni alijiunga na chama cha wanafunzi, na kama ilivyokuwa desturi ya vyama hivyo akapewa jina la utani. Wenzake walimwita Klex, neno ambalo kwa Kijerumani husikika kama doa la wino, na pia hukumbusha mtu anayepaka paka rangi. Alikuwa hodari wa kuchora, na jina likamkaa. Siku zile watoto wa nchi zinazosema Kijerumani walikuwa na mchezo wa kudondosha wino kwenye karatasi, kuikunja katikati, kisha kuifunua na kushindana kutaja walichokiona. Justinus Kerner, daktari na mshairi wa Ujerumani wa karne ya 19, alikuwa ametunga hata mashairi ya kuandamana na madoa yake. Mchezo huo haukuwa siri ya mtu yeyote, na jina la Klex lisichukuliwe kuwa utabiri. Hata hivyo, ni sadfa inayofurahisha.

Alipokaribia kumaliza shule alisitasita kati ya njia mbili: kuchora au sayansi. Alimwandikia barua Ernst Haeckel, mtaalamu mashuhuri wa elimu ya viumbe wa Ujerumani, ambaye mwenyewe alikuwa mchoraji stadi wa wanyama wa baharini, akimwomba ushauri. Jibu lilimwelekeza kwenye sayansi. Mwaka 1904 akaanza masomo ya udaktari, ambayo sehemu kubwa aliyafanyia Zürich.

Hakuwa angeweza kupata mahali pazuri zaidi. Katika hospitali ya Burghölzli mjini humo, Profesa Eugen Bleuler alikuwa akiwafundisha madaktari vijana kukaa na wagonjwa wa akili, kuwasikiliza, na kuyaandika maneno yao hata pale yalipoonekana hayana maana. Ni Bleuler aliyeupa ulimwengu neno skizofrenia. Carl Jung naye alikuwa hapo, akipima muda ambao mtu huchukua kujibu neno moja kwa neno jingine, na kutafuta katika kusita kwake jambo analolificha. Katika darasa la namna hiyo kijana aliyezoea kutazama sura za watu kwa jicho la mchoraji alijikuta nyumbani.

Tasnifu yake ya udaktari, aliyoikamilisha mwaka 1912 chini ya Bleuler, ilihusu jambo ambalo huenda mchoraji pekee ndiye angelichagua: jinsi kitu kinachoonwa kwa macho kinavyoweza kugeuka kuwa hisia ya mwili. Humo alisimulia kwamba baada ya kushuhudia kwa mara ya kwanza maiti ikipasuliwa, usiku aliota ubongo wake mwenyewe ukikatwa vipande, na katika ndoto hiyo alikihisi kila kipande kikianguka. Alieleza pia kwamba ilitokea akashindwa kuukumbuka mchoro wa Moritz von Schwind unaomwonyesha shujaa juu ya farasi. Alichokumbuka ni namna shujaa huyo alivyouweka mkono. Alipouweka mkono wake mwenyewe vivyo hivyo, picha nzima ikamrudia. Kutokana na mambo kama hayo alishikilia kwamba macho hayatazami peke yake, bali mwili mzima hushiriki. Wazo hilo ndilo litakalorudi katika kadi zake miaka kumi baadaye.

Katika masomo hayo alikutana na Olga Stempelin, mwanafunzi wa udaktari kutoka Urusi, mmoja wa wanawake wengi wa nchi hiyo waliokwenda Uswisi kwa sababu vyuo vya huko viliwafungulia milango. Rorschach alikuwa tayari ameipenda Urusi. Alikuwa amejifunza lugha yake na kuizuru. Walioana mwaka 1910. Wakati huo alikuwa ameshaajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Münsterlingen, kando ya ziwa Constance.

Hospitali za namna hiyo zilikuwa mahali pa huzuni. Dawa za kutuliza akili kama tunazozijua leo hazikuwapo, na watu wengi waliingia wakakaa hadi kufa. Rorschach aliwapiga wagonjwa picha, akawachora, akawapa karatasi na rangi wachore wenyewe. Kwa muda alimleta wodini tumbili aliyeitwa Fipps, ili aone kama wagonjwa waliokuwa wamejifunga ndani ya kimya chao wangeshtuka, wangecheka au wangenyosha mkono. Anayetaka kucheka na acheke, lakini swali aliloliuliza kwa tumbili halikutofautiana sana na lile alilokuja kuliuliza kwa kadi: mtu huyu anakipokeaje kitu kigeni kinachowekwa mbele yake?

Mwaka 1911 alifanya jaribio lake la kwanza la madoa ya wino. Mshirika wake alikuwa rafiki yake wa zamani, mwalimu wa shule Konrad Gehring. Waliwaonyesha watoto wa shule madoa hayo wakitaka kujua jinsi fikra zao zinavyofanya kazi. Kisha jambo hilo akaliacha kwa miaka kadhaa.

Mwishoni mwa 1913 yeye na Olga walihamia Urusi, naye akafanya kazi katika hospitali ya binafsi huko Kryukovo, karibu na Moscow. Mshahara ulikuwa mzuri na wasomi aliokutana nao walimvutia, lakini hakuvumilia muda mrefu. Katikati ya 1914 alirejea Uswisi, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikalipuka, na Olga, aliyekuwa amebaki nyuma, hakuweza kuungana naye hadi mwaka uliofuata. Rorschach alipata kazi katika hospitali ya Waldau karibu na Bern. Huko alifanya kazi pamoja na Walter Morgenthaler, daktari aliyekuwa akimchunguza mgonjwa mmoja, Adolf Wölfli, ambaye alijaza maelfu ya karatasi kwa michoro ya ajabu na ambaye leo kazi zake zimo katika majumba ya makumbusho. Kwa Morgenthaler, mgonjwa aliyechora alikuwa msanii kweli. Urafiki wa madaktari hao wawili ulikuja kuwa na faida kubwa.

Mwaka 1915 Rorschach alihamia Herisau, katika vilima vya Appenzell, akawa daktari wa pili katika hospitali ya jimbo. Aliishi humo humo hospitalini, na watoto wake wawili, Elisabeth na Wadim, walizaliwa katika miaka hiyo. Aliwachongea vitu vya kuchezea kwa mbao. Aliandaa michezo ya kuigiza kwa ajili ya wagonjwa, akapaka rangi mapazia ya jukwaa kwa mikono yake. Kwa muda aliamini kwamba kazi ya maisha yake ingekuwa utafiti kuhusu vikundi vya kidini vilivyojitenga katika milima ya Uswisi, hasa kile cha Johannes Binggeli. Mwaka 1919 alichaguliwa makamu wa rais wa chama kipya cha Waswisi waliofuata uchanganuzi wa nafsi wa Sigmund Freud.

Kilichomrudisha kwenye wino ni tasnifu ya mwanafunzi kutoka Poland, Szymon Hens, aliyewaonyesha mamia ya watu madoa ya wino mjini Zürich chini ya usimamizi wa Bleuler. Hens aliorodhesha vitu walivyoviona: mnyama gani, mti gani, mtu gani. Rorschach aliona kwamba swali lilikuwa limeelekezwa pasipo pake. Kwake yeye, *kile* anachokiona mtu hakikuwa na uzito kuliko *namna* anavyokiona. Je, analichukua umbo zima, au anakimbilia kipande kidogo pembeni? Anaongozwa na mstari au na rangi? Je, anaona kitu kimesimama tu, au anaona mwendo, mtu anayeinama, anayecheza, anayenyanyua mzigo? Yule anayeona mwendo, kwa maoni ya Rorschach, anauhisi mwendo huo ndani ya mwili wake, kama alivyouhisi yeye mkono wa shujaa wa Schwind. Yule anayevutwa na rangi huelekea kuguswa upesi na mambo ya nje. Kwa kuhesabu majibu ya kila aina na kuyalinganisha, aliamini angeweza kupata sura ya mtu aliyeketi mbele yake.

Neno sura linastahili kutiliwa mkazo. Mchoraji wa sura za watu humketisha mtu kitini, humtazama, kisha huchora anachokiona. Rorschach aliugeuza utaratibu huo. Mchoro ulikuwa tayari umekamilika, na haukumhusu mtu yeyote, ila mtazamaji ndiye aliyeongezea kilichokosekana, na katika kuongeza akajichora mwenyewe. (Hatutaeleza hapa watu huona nini kwenye kadi ipi. Kadi zilezile bado zinatumika, na anayekuja na majibu ya kusoma huharibu jaribio lake mwenyewe.)

Hapo ndipo mkono wa msanii ulipohitajika. Doa la bahati nasibu halikufaa: mengine yalifanana mno na kitu kimoja, watu wote wakatoa jibu moja, mengine hayakufanana na lolote, watu wakanyamaza. Rorschach alitaka maumbo yanayokaribia kusema bila kusema. Alizingatia ulinganifu wa pande mbili kwa sababu aligundua kwamba umbo lisilolingana watu wengi hulikataa. Alihakikisha pia kwamba mchoro hauonyeshi kuwa umechorwa, kwa maana mtu akiiona kazi ya msanii huanza kumtafuta msanii badala ya kutazama. Kwa hiyo akaitumia sanaa yake yote kuificha sanaa yenyewe. Nijuavyo mimi, ni wachoraji wachache waliokubali kulipa bei hiyo.

Aliwajaribu watu 405, wagonjwa na wazima, na mwaka 1920 akawa tayari kuchapisha. Wachapishaji walikataa mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa kuchapa picha za rangi kuligharimu fedha nyingi katika miaka hiyo iliyofuata vita. Hatimaye Morgenthaler alimpatia mchapishaji mjini Bern, Ernst Bircher, na ndiye pia aliyependekeza jina la kitabu, *Psychodiagnostik*. Bircher alikubali kadi kumi tu, akazipunguza ukubwa, na mashine ikazitoa zikiwa na vivuli vya kijivu ambavyo Rorschach hakuwa amevichora. Mtu mwingine angeteta. Yeye aliona upesi kwamba vivuli hivyo vilifungua njia nyingine ya kutazama, akaanza kuvichunguza.

Kitabu kilitoka Juni 1921, nakala 1,200. Zilizonunuliwa zilikuwa chache mno. Bleuler alimuunga mkono, lakini wengi walinyamaza, na nchini Ujerumani mwanasaikolojia William Stern alipinga kwamba jaribio moja linaweza kumweleza binadamu mzima. Rorschach mwenyewe alikuwa mwangalifu kuliko wengi waliomfuata. Alitambua, kwa mfano, kwamba watu wa Bern na watu wa Appenzell, wote Waswisi wanaosema Kijerumani, hawakujibu kwa namna moja, na akakiri kuwa kazi ndiyo kwanza inaanza. Februari 1922 alitoa mhadhara kwa wenzake akionyesha jinsi majibu ya mgonjwa mmoja, aliyemjua kupitia karatasi tu, yalivyolingana na yale ambayo daktari wake aliyagundua.

Wiki chache baadaye tumbo likaanza kumuuma. Msaada ulichelewa. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka na sumu kusambaa, na tarehe 2 Aprili 1922 Hermann Rorschach akafariki huko Herisau. Elisabeth alikuwa na miaka minne, Wadim miwili.

Kampuni ya Bircher ilifilisika, na mwaka 1927 kadi zikaingia mikononi mwa mchapishaji mwingine wa Bern, Hans Huber. Kutoka hapo zikavuka bahari. Nchini Marekani, Samuel Beck na Bruno Klopfer walizieneza, kila mmoja kwa kanuni zake, wakagombana hadi wakaacha kusemezana. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Douglas Kelley na Gustave Gilbert waliwapelekea viongozi wa Wanazi katika gereza la Nuremberg, akiwemo Hermann Göring, wakitumaini wino ungeonyesha ugonjwa uliozaa uovu ule. Wataalamu walibishana juu ya majibu hayo kwa miongo kadhaa bila kuafikiana.

Kisa kinachotugusa zaidi sisi wa bara hili kilitokea Morocco. Mwaka 1935 Manfred Bleuler, mwana wa yule profesa wa Zürich, pamoja na Richard Bleuler walichapisha matokeo ya kadi walizowaonyesha wakulima wa huko. Wakulima hao walishikilia vipande vidogo vidogo vya picha, ambavyo Mzungu wa kawaida angevipita bila kuvitazama, na walifanya hivyo kwa wingi ambao, kwa kipimo cha Ulaya, ungeweza kumtia daktari shaka juu ya akili ya mtu. Nao walikuwa watu wazima wa afya wanaolima mashamba yao. Waandishi wale walieleza tofauti hiyo kuwa ni tabia ya taifa zima. Mtu angeweza pia kuuliza kama kasoro ilikuwa kwenye rula. Anayeishi kwa kutafsiri maneno ya watu hujua jambo jingine: kadi haina maneno, ila jibu linayo, na kati ya mdomo wa mkulima na daftari la daktari jibu hilo limevuka lugha mbili au tatu. Swali hili halijazeeka. Anayeketi leo mbele ya mtaalamu, katika nchi ambayo lugha yake si ya wengi, bado hupimwa kwa wastani wa watu wengine.

Hesabu za Rorschach zilirekebishwa mara nyingi baada yake, hasa na Mmarekani John Exner, aliyetoa mfumo wake mwaka 1974. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba baadhi ya viashiria vinasimama imara, hasa vile vinavyohusu fikra zilizovurugika, na vingine havina ushahidi wa kutosha. Wako wanasaikolojia wasiotaka hata kuziona kadi hizo, na wako wasioanza kazi bila kuzitoa mezani.

Olga hakuolewa tena. Aliendelea kuishi katika vilima vya Appenzell, akawalea watoto, akawahudumia wagonjwa, na akatunza karatasi za mumewe hadi alipofariki mwaka 1961. Leo nyaraka za Rorschach zimehifadhiwa Bern. Humo yamo madoa ya awali ambayo hayakuchapishwa, na kwenye baadhi yake mtu akiinama karibu huona mahali ambapo brashi ilirudi kupunguza ukingo uliokuwa umeanza kufanana mno na kitu fulani.